Nusu ya Upana, Robo ya Kazi

Shangazi yangu husuka tabaga akiwa ameketi mkekani barazani, mguu mmoja ameunyoosha, mwingine ameukunja. Tuko Makina, katika Kibera ya Wanubi, na tabaga ni kile kifuniko cha chakula cha ukindu uliotiwa rangi ambacho watu wa pwani wangekiita kawa. Kazi huanzia katikati, kwa kitovu kidogo kama kifungo cha shati. Kutoka hapo anazungusha na kushona, anazungusha na kushona, mzunguko mmoja ukikumbatia mwingine, nyekundu ikifuata njano, njano ikifuata zambarau, hadi duara lienee kufunika sinia.

Siku moja alikuja mama mmoja aliyekuwa na harusi, kuiangalia tabaga aliyoagiza. Shangazi alikuwa ameishughulikia wiki nzima. Yule mama akaipima kwa kiganja, akaona imefika nusu ya upana waliokubaliana, uso ukamchangamka. “Basi Ijumaa ijayo nitaikuta tayari.”

“Mama, bado,” Shangazi akamjibu. “Hapa nimemaliza robo. Nipe wiki tatu.”

Mama yule aliondoka akiamini anazungushwa. Mimi nami, niliyekuwa nimekaa kando na kompyuta mapajani, nilidhani Shangazi anajiwekea nafasi ya kupumzika. Usiku ule nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Ukiuhesabu mzunguko wa kwanza, ule wa kitovuni, kuwa kazi ya kipimo kimoja, na kila mzunguko una unene uleule, basi wa pili unakula vipimo 3, wa tatu 5, wa nne 7, na kuendelea hivyo kwa nambari witiri. Mizunguko 10 inakula vipimo 100. Mizunguko 20 inakula 400. Ukifika nusu ya upana umefanya robo ya kazi kamili, wala si karibu robo. Shangazi hakuwahi kufundishwa eneo la duara kwa namna ninayolijua mimi. Analijua kwa vidole, kwa ukindu unaoisha haraka zaidi kadiri tabaga inavyokua, na kwa mgongo unaouma wiki ya nne kuliko wiki ya kwanza.

Naandika haya kwa sababu kazi yangu ni kuandika programu za malipo, na katika kazi hiyo nimeyagawa mambo sawa kwa sawa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Umepewa kiasi, umepewa idadi ya siku: gawanya, kila siku ipate fungu lake. Ni mstari mmoja wa msimbo. Ukiuchora kwenye grafu, deni linashuka kwa mstari ulionyooka kama rula tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna anayeuliza mstari huo umetoka wapi. Unaonekana kana kwamba ni hali ya kawaida ya vitu, na upindaji wowote ni nyongeza inayohitaji sababu. Mimi sasa naamini kinyume chake. Sijaona maishani mwa Makina jambo hata moja linalokwenda kwa mstari ulionyooka kwa siku 90 mfululizo, na mtu anayelazimisha mstari huo juu ya maisha ya mwenzake ndiye anayepaswa kutoa sababu.

Ukindu si riziki yote ya Shangazi. Jioni huuza chakula kando ya barabara karibu na soko: mahamri, sambusa, viazi karai, na gurusa kwa wanaoijua. Unga wa ngano, sukari na mafuta huvichukua kwa deni kutoka kwa muuzaji wa jumla anayedai kwa njia ya simu. Deni hilo halina riba. Bei imetajwa mapema, na faida ya muuzaji imo ndani yake, kwa mtindo ule ambao benki zetu za Kiislamu, kama Gulf African Bank iliyofunguliwa mwaka 2008, huuita murabaha. Hilo lilimtuliza Shangazi, kwa kuwa riba haigusi. Mwaka 2023, wiki chache kabla ya Ramadhani, alichukua bidhaa za shilingi 30,000, alipe kwa siku 90.

Programu ya muuzaji ikagawanya: 30,000 kwa 90. Jibu ni 333 na theluthi moja. Kwa kuwa theluthi ya shilingi haipo, ikapandisha hadi 334 kila siku, na kwa siku 90 ikakusanya shilingi 30,060. Shilingi 60 hizo hazikuwa katika mapatano. Lakini lililomuumiza halikuwa hizo shilingi 60. Ramadhani ilipita vizuri, 334 zikitoka bila yeye kuhisi. Ikaja Idi. Baada ya Idi watu wa Makina wamechoka mifuko, jiko la nyumbani limewaka tena mchana, na anayenunua chakula cha barabarani jioni ni mmoja mmoja. Programu haikujua kwamba mwezi umeandama. Iliendelea kuomba 334 kila asubuhi. Siku ya nne ya kukosa, akaunti yake ikafungwa, na kwa wiki tatu alikosa pa kuchukulia unga. Mwanamke aliyelipa siku 60 bila kukosa aliandikwa katika mfumo kuwa ni mdaiwa asiyeaminika.

Kosa la Shangazi liko wapi hapo? Alikuwa na pesa ya kulipa deni lote. Alikuwa nayo Ramadhani, wakati hakuna aliyemwomba zaidi ya 334.

Mwaka uliofuata nikaamua kumwandikia programu ndogo. Nilianzia pale ambapo ningepaswa kuanzia zamani: nikamwomba daftari. Ni daftari la shule la kurasa 200, jalada limelowa mafuta, na ndani yake kila siku ina mauzo, gharama, na mara nyingine neno moja: “mvua”, “Idi”, “matanga”, “stima hakuna”. Tuliketi jioni tatu nikiingiza nambari hizo moja moja, yeye akinifafanulia mwandiko wake. Tukiondoa gharama, faida ya siku ya kawaida ya Shaaban, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ilikuwa kama tatu, ya siku ya Ramadhani kama sita, ya siku ya Shawwal, mwezi unaoanza na Idi, kama moja. Uwiano huo, 3 kwa 6 kwa 1, ndio niliouita uzito wa siku.

Kutoka kwenye uzito hadi kwenye shilingi njia ni fupi. Siku 30 za uzito wa tatu ni 90, siku 30 za uzito wa sita ni 180, siku 30 za uzito wa moja ni 30. Jumla 300. Gawanya deni la 30,000 kwa 300, kila uzito mmoja ni shilingi 100. Kwa hiyo shilingi 300 kwa siku mwezi wa Shaaban, 600 Ramadhani, 100 Shawwal. Jumla ni ileile 30,000. Nilimwonyesha nikiwa na furaha ya mtu aliyetatua jambo.

Aliitazama skrini kwa muda. “Mwanangu, unanichukulia Idi yangu.”

Sikuelewa. Akanieleza kwamba pesa ya Ramadhani ina wenyewe. Kuna nguo za watoto, kuna zakatul-fitri, kuna karo ya muhula wa pili ambayo mwaka ule ingekuja nyuma tu ya Idi. Kwamba anapata mara mbili mwezi huo hakumaanishi awe na wajibu wa kutoa mara mbili. Heri aumie kidogo Shawwal kuliko kupita Idi mikono mitupu. Tukashusha sita kuwa tano, tukapandisha moja kuwa mbili. Sasa ikawa shilingi 300, 500, 200. Yaani 9,000, 15,000 na 6,000. Hapo ndipo nilipotambua kwamba daftari linaweza kukwambia pesa inaingia lini, lakini umbo la malipo ni uamuzi wa mwenye maisha. Mimi ningeweza kuukaribia mpindo wa faida yake kwa usahihi wa kupendeza na bado nikamkosea.

Alikuwa na pingamizi la pili. Nilikuwa nimemchorea ngazi: siku ya mwisho ya Shaaban 300, kesho yake 500, ghafla. “Siku ya kwanza ya mwezi ndiyo natoa pesa nyingi kununua vitu, wewe ndiyo unaniomba nyingi?” Halafu akanikumbusha kwamba biashara haipandi usiku mmoja. Siku za mwisho za Shaaban watu wanavunja jungu, mauzo yanaanza kupanda. Baada ya Idi nako hayaanguki kwa kishindo, maana wapo wanaofunga sita za Shawwal, nao jioni wanataka kufuturu. Ngazi yangu ilihitaji kuwa kilima.

Kwa wanaoandika programu, kilima cha namna hiyo kina fomula nyepesi ambayo wachoraji wa picha za kompyuta huitumia kila siku ili kitu kianze kusogea taratibu, kishike kasi, kisha kitulie taratibu. Uchukue muda kama sehemu ya moja, kuanzia sifuri hadi moja. Mraba wake mara tatu, toa mchemraba wake mara mbili. Muda ukifika robo, umepanda asilimia 15.6 tu; ukifika nusu, asilimia 50; ukifika robo tatu, asilimia 84.4. Robo ya kwanza na ya mwisho zinabeba kidogo, mbili za katikati zinabeba zaidi ya theluthi moja kila moja. Nikautumia mpindo huo kupandisha uzito kutoka tatu hadi tano katika wiki ya mwisho ya Shaaban, na kuushusha kutoka tano hadi mbili katika wiki ya kwanza ya Shawwal. Shangazi alipitisha kidole juu ya mchoro kwenye skrini, akakipeleka juu, akakiteremsha upande wa pili, akasema, “Eh, hivi ndivyo inavyokuja.”

Kubaki na shilingi nzima bila kupoteza wala kuongeza hata moja ni jambo ambalo watu wengi huliharibu, na ningependa nilieleze vizuri kwa kuwa ndipo zile shilingi 60 zilipozaliwa. Ukikata kila siku peke yake, makosa madogo yanarundikana. Shilingi 333 mara 90 ni 29,970, umepungukiwa na 30. Shilingi 334 mara 90, umezidisha 60. Dawa yake ni kuacha kuiuliza programu “leo ni kiasi gani?” na kuiuliza “hadi leo tuwe tumefika wapi?” Kokotoa jumla limbikizi ya kuanzia siku ya kwanza, ikate hiyo iwe shilingi nzima, kisha toa pale mlipokuwa jana. Kwa mfano wetu: hadi siku ya kwanza 333, hadi ya pili 666, hadi ya tatu 1,000. Malipo ya siku tatu hizo ni 333, 333, 334. Siku tatu zinazofuata ni vilevile, hadi siku ya 90 ambapo jumla ni 30,000 kamili, kwa sababu jumla yenyewe ndiyo tuliyokuwa tukiifuata muda wote. Njia hii haijali mstari umenyooka au umepinda. Mpindo wowote unaoanzia sifuri na kuishia kwenye kiasi kamili utakugawia bila hitilafu.

Na pesa zisihifadhiwe kwa desimali. Kompyuta huandika nambari kwa sifuri na moja, na sehemu moja ya kumi haiandikiki hivyo kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Ndiyo maana lugha nyingi za programu zikijumlisha 0.1 na 0.2 zinakupa 0.30000000000000004. Weka senti kama nambari nzima, ugawanye mwishoni.

Lililonitoa jasho zaidi ni kalenda. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, ikizunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Kilima cha Shangazi hakikai mahali pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Mvua za masika za Nairobi, ambazo humshusha, hukaa Machi hadi Mei. Zile za vuli Oktoba hadi Desemba. Kilima kimoja kinatembea, mabonde mawili yametulia, na umbo la mwaka wake ni mkutano wa hivyo vyote. Mwaka ambao Ramadhani imeangukia kiangazi haufanani na mwaka ambao imeangukia masika, hata kama waumini ni walewale na njaa ni ileile. Programu inayochukua mauzo ya Aprili iliyopita na kutabiri Aprili ijayo itamdanganya muuza futari. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Ukiwa umeandika msimbo unaotafuta Ramadhani ya mwaka fulani kana kwamba ni moja tu, utaangukia hapo.

Halafu mwezi wenyewe. Usiku wa siku ya 29 tunamsubiri Kadhi Mkuu, na hakuna programu inayojua kama kesho ni Idi au ni siku ya 30. Niliacha kujaribu kuijua. Badala yake kila usiku programu inachukua deni lililobaki na kuligawa upya kwa uzito wa siku zilizobaki. Mwezi ukiandama mapema, kilima kinafupika na salio linajipanga. Siku ikikosekana kwa mvua au msiba, salio linajipanga. Nikaona kwamba hiki ndicho kipande muhimu kuliko fomula nzuri ya kilima, maana fomula ni makisio ya mwaka jana, lakini salio la leo ni kweli.

Watu wamekuwa wakitafuta mipindo ya namna hii kwa muda mrefu. Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre François Verhulst aliandika fomula ya idadi ya watu inayokua taratibu, kisha kwa kasi, kisha ikakaribia kikomo na kutulia, na mpaka leo wakandarasi huchora mpindo wa umbo hilo la S kuonyesha pesa za ujenzi zitakavyotumika mwezi hadi mwezi. Katika fani yangu, Lawrence Putnam alichapisha mwaka 1978, akijengea kazi ya Peter Norden wa IBM, kwamba wafanyakazi wanaohitajika katika mradi wa programu hupanda hadi kilele kisha hupungua kwa mkia mrefu. Aliyepanga idadi ileile ya watu tangu mwanzo hadi mwisho atakuwa na watu wa ziada mwanzoni na pengo katikati. Shangazi angewaelewa wote wawili kwa tabaga.

Mpindo, hata hivyo, unaweza kupindishwa dhidi ya mtu. Wakopeshaji wa nchi za Magharibi walikuwa na kanuni waliyoiita ya 78, kwa sababu ukijumlisha 1 hadi 12 unapata 78. Riba ya mkopo wa mwaka mmoja waliigawa kwa miezi hivi: mwezi wa kwanza unabeba mafungu 12 kati ya 78, wa pili 11, mpaka wa mwisho fungu 1. Aliyetaka kulipa deni mapema na kuondoka alikuta riba kubwa imeshahesabiwa kuwa imeliwa. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1992 kwa mikopo ya wateja inayozidi miezi 61. Hesabu ile haina kosa hata moja la kujumlisha. Ina mtu aliyeketi akachagua umbo linalomfaa yeye, na mwenzake hakuonyeshwa mchoro.

Nikitembea kutoka msikiti wa Makina kuelekea sokoni huwa nafikiria pia ardhi tunayokanyaga. Mwaka 1918 Kibera ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, zaidi ya ekari 4,000, ambako askari Wanubi wa King’s African Rifles na jamaa zao walikuwa wamekaa. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Mtu akiwa na nambari hizo mbili tu anaweza kuziunganisha kwa rula, apate kwamba tumepoteza ekari 40 hivi kila mwaka, taratibu, kama mshumaa unavyoyeyuka. Wazee wetu hawakuiishi hivyo. Palikuwa na miaka ya utulivu, kisha mwaka mmoja mtaa mzima unajengwa juu ya mashamba ya watu, Woodley, kisha Jamhuri, kisha mingine. Anayekusimulia kwa wastani anakuondolea siku zenyewe ambazo jambo lilitendeka, na pamoja na siku hizo anaondoa waliotenda.

Nirudi kwenye deni. Katikati ya Februari 2024 Shangazi alichukua bidhaa za shilingi 30,000 tena, kwa masharti yaleyale, maana muuzaji hakuwa na umbo lingine la malipo. Simu yake iliendelea kuomba 334 kila siku. Tulichofanya ni kuweka kopo. Yeye anatoa kwa kilima chake, simu inachukua kwa mstari wake, tofauti inaingia au inatoka koponi. Shaaban kilima kilikuwa chini ya mstari, kopo likawa na upungufu wa karibu shilingi 1,000, nikautia mimi. Siku ya saba ya Ramadhani alikuwa amenirudishia. Kufikia Idi, tarehe 10 Aprili, kopo lilikuwa na karibu shilingi 4,000, akiba iliyotengwa kwa ajili ya bonde la Shawwal.

Kisha mvua. Wanaoishi Nairobi hawajaisahau Aprili ile. Usiku wa kuamkia tarehe 24 mito ilifurika, Mathare watu walisombwa, na huku Kibera maji yalipita ndani ya nyumba zilizo kwenye mabonde. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 ziliahirishwa, zikaahirishwa tena, zikafunguliwa Mei 13. Barabarani hapakuwa na mtu wa kusimama kununua sambusa. Shangazi hakuwasha jiko. Koponi mlikuwa mmebaki kama shilingi 2,000, zikamlipia siku sita. Siku ya saba nililipa mimi, na ya nane kaka yangu. Siku ya tisa jua lilitoka, akatandaza meza. Programu ikagawa salio upya kwa siku zilizobaki, na akaunti yake haikufungwa.

Sitadai kwamba mpindo ulimwokoa. Familia ndiyo iliyomwokoa siku mbili zile, kama ambavyo familia nyingi za hapa zimekuwa zikiinyoosha mipindo ya wenzao tangu kabla ya kompyuta. Mpindo ulimpa siku sita, na siku sita za mvua kwa mtu anayelipa kila asubuhi ni nyingi sana.

Nimemwandikia yule muuzaji wa jumla mara mbili nikimwonyesha hesabu hii. Jumla yake haipungui hata shilingi moja. Anachoombwa kukubali ni kungoja zaidi siku ambazo mteja hana, na kupokea zaidi siku ambazo anazo. Najua kungoja nako kuna gharama, na deni linalokaa nje kwa muda mrefu linaweza kupotea. Anayo haki ya kulihesabia hilo na kulisema mapema katika bei. Kwa deni la Shangazi, lakini, mgawo wa 300, 500 na 200 ungemlipa nusu ya pesa zake mwezi wa pili, na hadi Idi angekuwa na 24,000 mkononi badala ya 20,000. Mstari ulionyooka haukumfaa hata yeye aliyeuchagua. Bado sijapata jibu.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wenzangu mnaoandika programu za malipo, za karo, za maji, za bodaboda za mkopo, za paneli za sola: kabla hamjagawanya kwa idadi ya siku, wekeni mahali pamoja tu ambapo mlipaji anaweza kuonyesha siku zake za juu na za chini, na mumwonyeshe mchoro kabla hajakubali. Msimbo wake hauzidi ukurasa mmoja. Kama hamjui pa kuanzia, njooni Makina mwezi wa Ramadhani, kati ya alasiri na magharibi, msimame kando ya barabara karibu na soko, mkamwombe yeyote anayeuza pale awaonyeshe daftari lake. Shangazi huanza kutandaza meza saa kumi, na daftari lake huwa chini ya kitambaa, karibu na kopo.